Tunaamini Nini Kabla ya Kumwaga Zege

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya akiba ya nyumba, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, vijana, na nyote mliotoka Mbagala, Tabata, Kigamboni na Kimara mkapambana na foleni ya Jumamosi mpaka hapa: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana.

Katibu aliponipa mada alinieleza bila kuficha kwamba jambo hili limeshaleta maneno ndani ya vikundi vyenu. Wapo wanaosema tukusanyike watu wa dini moja, au watu wa kwetu, ndipo tutaaminiana na hela zetu zitakuwa salama. Wapo wanaojibu kwamba hapa hatutaki dini wala siasa, tunataka kiwanja, ramani na hati, na kila mtu abaki na imani yake chumbani kwake. Swali ninalotakiwa kulijibu ni hili: watu wanaotaka kujenga na kuishi pamoja wanahitaji kuamini kitu kimoja?

Niseme msimamo wangu mapema. Wanahitaji. Lakini imani hiyo si lazima itoke msikitini, kanisani wala chamani. Inatakiwa iwe imani waliyoichagua wenyewe, iwe ndogo kiasi cha kuonekana katika kazi za kila siku, na imgharimu kitu kila anayeikiri. Ikikosa hayo, hata ikiwa nzuri namna gani, haitawashika mwaka wa pili.

Makazi ya aina mnayoyataka yana historia yake, na inafaa muijue kabla hamjaenda mbali. Kila familia ina nyumba yake kamili, yenye jiko na choo chake, na kila mtu ana kipato chake mfukoni. Ila kwenye eneo hilo hilo kuna nyumba ya wote, yenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia, sehemu ya kufulia na chumba cha watoto. Siku kadhaa kwa wiki chakula cha jioni hupikwa kwa zamu na kuliwa pamoja. Wakazi hukaa na msanifu tangu mchoro wa kwanza, na wakishahamia huendesha mambo yao wenyewe.

Mtindo huu ulianza Denmark. Mwaka 1964 msanifu majengo aitwaye Jan Gudmand-Høyer alikusanya marafiki zake wakatafuta kiwanja pembeni mwa Copenhagen, lakini majirani wa eneo lile wakawakataa na mradi ukakwama. Mwaka 1967 mwanamke aitwaye Bodil Graae akaandika makala gazetini akisema kwamba kila mtoto anastahili kuwa na wazazi mia moja. Familia zaidi ya hamsini zikamwitikia. Mwaka uliofuata Gudmand-Høyer naye akaandika makala yake, watu wakazidi kujitokeza. Kutokana na vuguvugu hilo yakazaliwa makazi ya Sættedammen mwaka 1972, yenye familia 27, na mwaka mmoja baadaye Skråplanet. Kathryn McCamant na Charles Durrett ndio walioupeleka mtindo huu Marekani, na makazi ya kwanza kujengwa huko kwa mpango huo, Muir Commons katika mji wa Davis, California, yakapata wakazi mwaka 1991.

Sasa, watetezi wa mtindo huu hupenda kusema kwamba hauna itikadi. Husema huku si kule kwa vijana wa Ulaya na Marekani wa miaka ya sitini waliochanganya mali na ndoa na kumfuata kiongozi mmoja. Huku kila mtu na dini yake, chama chake na akaunti yake ya benki. Nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine sikubali, na ushahidi wangu ni ramani zao wenyewe. Angalieni makazi hayo yalivyopangwa: magari yanaishia pembeni, hayaingii ndani. Mara nyingi dirisha la jiko linatazama njia ya miguu. Kuna mtu aliamini kwamba mtoto lazima aweze kutoka mlangoni akakimbia bila kuogopa gari, na kwamba mtu mzima anayekatakata vitunguu awe anamwona, hata kama si wake. Imani hiyo haikuandikwa ukutani. Ilichorwa kwenye ramani, na wanaolipa mkopo wa nyumba wanailipia kila mwezi, kwa sababu kuegesha gari mbali na mlango ni usumbufu hasa siku ya mvua na mizigo.

Chukueni mfano wa pili, Stockholm. Mwaka 1935 mwanasosholojia Alva Myrdal na msanifu Sven Markelius walijenga ghorofa wakiamini kwamba mwanamke mwenye kazi asifungwe na jiko. Kwa hiyo chini kukawa na mgahawa, kukawa na sehemu ya kulelea watoto, na ndani ya kuta kukawa na lifti ndogo za kupandishia chakula mpaka kwenye nyumba ya kila mtu. Wapishi waliajiriwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake wengine wa nchi ile ile wakasema hapana: kupika si mzigo kama wanaume nao wanashika mwiko, na kuajiri watu watupikie ni kuhamishia mzigo kwa wanawake wengine. Wakadai jiko kubwa la wote na zamu kwa kila mkazi. Nyumba ya Färdknäppen, iliyofunguliwa Stockholm mwaka 1993 kwa watu waliokwisha kulea watoto wao, inaendeshwa kwa mawazo hayo. Imani ya kwanza ilileta lifti za chakula, ya pili ikaleta meza ndefu. Msanifu hawezi kuchora vyote viwili mpaka aambiwe wakazi wanaamini nini.

Ndiyo maana huwa nawaambia wanaodai hawana itikadi: mnayo, ila hamjaitaja. Na isiyotajwa huwa ni ya mwenye sauti kubwa kikaoni, au ya mwenye hela nyingi kwenye mfuko, au ya dalali. Ukinunua ramani iliyokwisha chorwa, yenye ukuta wa futi nane kuzunguka kila nyumba na geti la chuma, umenunua imani kwamba jirani ni wa kuogopwa. Pengine ndicho unachokitaka. Lakini kijadilini, kisije kikaletwa na fundi.

Je, imani ndiyo inayowashika watu? Kuna mji mmoja Marekani, jimbo la Indiana, unaotoa jibu zuri kuliko maelezo yangu. Mwaka 1814 Wakristo wa asili ya Kijerumani, wakiongozwa na George Rapp, walianza kuujenga katika pori la mto Wabash. Walifyeka, wakajenga nyumba, viwanda na bustani, mali ikiwa ya wote. Baada ya miaka kumi wakaamua kuhama, wakauza mji mzima. Mnunuzi alikuwa Robert Owen, mwenye viwanda kutoka Uingereza na mtu mwenye huruma ya kweli kwa wafanyakazi. Mwaka 1825 akaufungua mji, akauita New Harmony, akaalika kila mwenye nia njema. Walikuja kwa mamia, wakiwemo wasomi wakubwa. Katiba ziliandikwa na kuandikwa upya. Kufikia 1827 jumuiya ilikuwa imevunjika. Wale wa Rapp, waliohamia Pennsylvania, waliendelea mpaka mwaka 1905.

Nyumba zilikuwa zile zile na mashamba yale yale, na kwa Owen fedha na elimu vilikuwepo tena vya kutosha. Alichokosa ni kwamba waliokuja hawakuombwa kuacha chochote wala kukubaliana chochote kabla ya kupewa ufunguo. Kila mmoja alikuja na picha yake ya maisha mema, na picha hizo hazikuwahi kuwekwa mezani zikalinganishwa.

Mtafiti Richard Sosis, mwaka 2000, alipitia kumbukumbu za jumuiya 200 za Marekani za karne ya 19. Aligundua kwamba katika mwaka wowote, jumuiya za kidini zilikuwa na nafasi ya kuendelea kuwepo mara nne zaidi ya zisizo za kidini. Miaka mitatu baadaye, yeye na mwenzake wakachunguza jumuiya 83 kwa undani, wakiangalia masharti waliyowekewa wanachama: vyakula vya kuacha, mavazi, mali, muda wa ibada. Kwa jumuiya za kidini, kadiri masharti yalivyokuwa magumu ndivyo jumuiya ilivyodumu. Kwa zile zisizo za kidini ugumu wa masharti haukusaidia kitu.

Najua kundi la kwanza hapa litapiga makofi. Subirini kidogo. Watu wa Rapp waliodumu mpaka 1905 walikuwa wameacha kuoana na kuzaa. Sharti lililowashikamanisha ndilo lililowamaliza, wakazeeka wote pamoja. Na jambo la pili: masharti yalifanya kazi pale tu ambapo mtu aliona yana maana kubwa kuliko yeye mwenyewe. Sharti lililotungwa na kamati ili kuwabana wanachama lilibaki sharti la kamati. Somo ninalolichukua kwa ajili yetu ni kwamba gharama hujenga uaminifu ikiwa mlipaji anaiona ni ibada, au ni heshima, au ni haki. Akiiona ni faini, anatafuta njia ya kuikwepa.

Wazee waliopo hapa hawahitaji kwenda Indiana kulijua hili. Litowa ipo Ruvuma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini kwa hiari yao, wakalima pamoja, wakajenga shule, na Chama cha Maendeleo Ruvuma kikakua mpaka kuwa na vijiji zaidi ya kumi. Waliamua mambo kwa vikao vyao. Aliyeshindwa maisha yale aliondoka, hakufukuzwa na hakuzuiwa. Mwalimu Nyerere aliwapenda na walikuwa mfano hai wa aliyoyaandika kuhusu ujamaa vijijini mwaka 1967. Lakini mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama kile na mali zake zikachukuliwa. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ikatoka amri kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Malori yakaja. Kuna watu walibomolewa nyumba wakashushwa mahali pasipo na maji.

Neno lililotumika Litowa na neno lililotumika siku za malori yale ni neno lile lile, ujamaa. Mimi bado naamini ndani ya neno hilo kuna kitu chetu cha thamani, na nasikitika tunapolitaja kwa kulidhihaki. Lililoharibika si wazo la kuishi pamoja. Liliharibika pale lilipoondolewa mlango wa kutokea. Mtu asiyeweza kuondoka, hata akishiriki vizuri, hujui kama anaamini au anaogopa, na yeye mwenyewe baada ya muda hajui. Kwa hiyo katiba zenu, kabla ya kifungu cha kuingia, ziwe na kifungu cha kutoka: hisa zinauzwaje, kwa nani, kwa bei ya nani, na fedha zinarudi baada ya muda gani.

Sasa nije mjini kwetu, maana mnaweza kudhani haya ni ya wazungu na ya zamani.

Nimekulia Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, uani jiko, choo na bomba. Kila chumba familia, kila familia na kabila lake. Chumba cha mbele alikuwepo mama wa Kitanga mpika maandazi, mkabala naye dereva Mlutheri kutoka Mbeya, na mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo asiyekosa swala. Hakuna aliyewachagua waishi pamoja. Dalali ndiye aliyewaleta, pamoja na kodi ya miezi sita.

Katika nyumba ile mita ya luku ilikuwa moja, na luku ilikuwa ugomvi usiokwisha. Mwenye friji aliambiwa anakula umeme wa wenzake. Mwenye pasi alipiga pasi usiku ili asionekane. Kulikuwa na daftari lililofungwa na kamba kwenye msumari wa korido, na kila ukurasa una jina lililokatwa na kiasi kilichobishaniwa. Wiki nzima mnaweza kukaa giza kwa sababu mtu mmoja amesema zamu yake imepita.

Lakini ukitokea msiba, watu wale wale wa daftari lile wanageuka. Kabla jua halijachomoza redio zimezimwa. Turubai linafungwa kutoka kwenye bati mpaka nguzo ya umeme ya barabarani, na hakuna aliyeuliza nani kalilipia. Masufuria makubwa yanatoka nyumba ya tatu. Kina mama wameshakaa mkekani, kanga kiunoni, wanachambua mchele, na yule Mlutheri wa Mbeya ndiye anayekwenda kufuatilia kibali cha mazishi ya mama wa Kiislamu kwa sababu yeye ana gari. Linafunguliwa daftari lingine, la michango: jina, kiasi, na asiye na pesa anaandikwa kilo tano za mchele au kuni. Daftari hilo sijawahi kuona jina limebishaniwa.

Kwa nini daftari moja ni vita na jingine ni amani? Watu ni wale wale na umaskini ni ule ule. Kwenye msiba kuna kitu wanachokiamini wote, Mwislamu na Mkristo, Mzaramo na Mnyakyusa: kwamba mtu hazikwi na ndugu zake peke yao. Imani hiyo ina gharama, unapoteza siku ya kazi, unatoa hela usiyokuwa nayo, unakesha. Na kila mtu anaiona gharama ya mwenzake kwa macho. Asiyehudhuria hatozwi faini, ila watu wanajua. Mimi nasema itikadi yenye nguvu kuliko zote Dar es Salaam ni msiba, na haijawahi kuwa na makao makuu wala kadi ya uanachama. Kwenye luku palikuwa na hesabu tupu. Hesabu isiyo na jambo nyuma yake haimalizi ugomvi, kwa sababu kila mtu ana kikokotoo chake.

Nikwambieni ile luku iliishaje. Siku moja bibi mwenye nyumba aliita watu wote uani baada ya swala ya magharibi. Hakuuliza nani alipe kiasi gani. Aliuliza swali moja: "Katika nyumba hii, tumekubali mtoto asome gizani?" Palikuwa na mtoto wa chumba cha nyuma aliyekuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Hakuna aliyeweza kusema ndiyo. Akasema basi, taa ni ya watoto, tutachanga wote sawa na haitazimika. Friji ni la mwenye friji, atalipia juu yake. Pasi, kila mtu na siku yake mchana. Ilichukua muda mfupi kuliko ugomvi wa siku moja. Hesabu ikawa nyepesi kwa sababu waliitanguliza imani, kisha ndipo wakapiga hesabu. Vikundi vingi ninavyovitembelea vinafanya kinyume, vinaanza na viwango vya michango na faini ya kuchelewa, halafu vinashangaa kila kikao kinaisha kwa kununiana.

Mkitaka mfano wa nyumba, nendeni Chamazi. Watu waliotakiwa kuondoka Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la wakazi maskini wa mijini, waliunda ushirika wa nyumba wakanunua ekari 30. Walifyatua matofali wenyewe na kujenga awamu kwa awamu. Nyumba zilizosimama ni chache kuliko walivyokusudia, mikopo ilikuwa migumu, na Chamazi ni mbali na kazi walizoziacha bandarini. Hayo ni ya kweli na yasifichwe. Lakini kilichowawezesha hata kufika kwenye kununua ardhi ni mazoea ya kukusanya fedha kidogo kidogo, jirani akipita mlangoni kwa jirani. Kabla hawajawa na kiwanja walikuwa wameshaonana wakitoa.

Linganisheni na maghorofa yanayoota mjini. Tangu mwaka 2008 tuna sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, na wenye sehemu hizo kuwa na chama cha kusimamia ngazi, lifti, paa na tangi. Sheria ni nzuri. Ila nimekaa katika kikao cha wenye nyumba wa ghorofa moja ambako pampu ya maji ilikuwa imekufa. Wa chini walisema maji kwao yanafika bila pampu, kwa nini wachangie. Wa juu wakasema basi na sisi hatuchangii mlinzi, anawalinda ninyi wa chini. Kifungu cha katiba kilisomwa mara mbili na kilikuwa wazi kabisa. Hakikumgusa mtu. Waliuziwa vyumba, hawakuwahi kukaa pamoja hata jioni moja kusema wanataka kuwa nani kwa wenzao.

Sasa hofu ya kundi la pili, wale wasiotaka dini wala siasa, na hofu hii naiheshimu sana. Imani ya pamoja inaweza kugeuka geti. Tukishasema "sisi tunaamini hivi", kesho tutasema fulani si mwenzetu: dini yake, kabila lake, mke wa pili, mtoto mwenye ulemavu anayepiga kelele. Imetokea kwingi. Kinga ninayoijua ni moja: muandike matendo, msiandike mioyo. Msimuulize mtu anaamini nini kuhusu Mungu au kuhusu ujamaa. Muulizeni kama atapika zamu yake ya Alhamisi, kama atamtazama mtoto wa mwenzake, kama atahudhuria kikao hata akiwa na hasira. Mwalimu mwaka 1962 alituambia ule usemi wa wazee, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe halina dini. Anayelishika ni mwenzenu.

Na niwape jambo moja ambalo mtakutana nalo mapema, ili muone namna ya kulifikiria. Jiko la wote litapika nini? Hapa ukumbini kuna Waislamu na Wakristo, na kuna watu wanaopenda kitimoto na bia zao bila kosa lolote. Mtu atasimama kusema kwa usawa, kila mtu apike anachotaka. Unasikika ni usawa, lakini matokeo yake ni kwamba siku sufuria lile litakapopikiwa nguruwe, nusu ya wanachama hawatakula tena kilichopikwa humo, na jiko la wote limekwisha. Mkristo anayekula chakula halali jikoni kwa wote hapotezi dini yake, na kitimoto atapika kwake, ana jiko lake kamili. Kwa hiyo ninachopendekeza ni nyama iliyochinjwa kihalali na hakuna pombe katika nyumba ya wote, na hakuna anayechungulia sufuria ya mtu nyumbani kwake. Kwa upande wa pili, siku za Kwaresima zamu zipangwe kwa kuwajali wanaofunga, kama zitakavyopangwa kwa Ramadhani. Na mkesha wa kwaya, kigodoro na spika za aina yoyote zijulikane saa ya mwisho. Kila upande umetoa kitu, na kila upande unauona mwenzake ametoa.

Mwisho, msidhani mtaamini hivyo hivyo milele. Kule Israeli, makazi ya kibbutz, yaani vijiji vya watu waliochanga mali na kazi, ambayo ya kwanza yalianza Degania mwaka 1910, mengi yaliamini kwamba watoto walale katika nyumba ya watoto, mbali na wazazi, ili mama awe huru na mtoto awe wa jumuiya. Waliamini kwa dhati, walikuwa wameacha makwao kwa ajili ya imani zao. Lakini mabinti waliolelewa katika nyumba zile, walipozaa, wengi walitaka wanao walale kwao. Kufikia miaka ya 1990 utaratibu huo ulikuwa umekwisha, na makazi mengi yenyewe yapo mpaka leo. Yalisalimika kwa sababu kizazi cha pili kiliruhusiwa kusema. Wanenu watakaozaliwa humo hawakuchanga nanyi, hawakufyatua tofali. Wapeni kikao chao wakifika umri, na kila baada ya miaka michache isomeni upya ile karatasi ya mliyoyakubali, mkiwa tayari kuifuta mistari.

Mwenyekiti, najua Jumamosi ijayo mnakwenda kuangalia kiwanja. Naomba kabla ya siku hiyo kila kikundi kikae jioni moja, bila mchoro na bila dalali, kijibu mambo matatu kwa maandishi: jikoni kutapikwa nini, mwenzetu akishindwa kuchanga miezi mitatu kwa sababu ya ugonjwa tutamfanyaje, na mpangaji atakayepanga chumba kwa mmoja wetu ana kura kikaoni au hana. Asiyekubaliana na wenzake aandike hapo hapo hakubaliani na nini, asaini kama wengine. Mkishindwa kuandika majibu, msilipe hata ile hela ya kishika kiwanja.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Tuingie kwenye maswali, na ningependa tuanze na hilo la mpangaji, kwa sababu wengi wenu hapa bado ni wapangaji leo na mnajua inavyokuwa kukaa mahali miaka kumi bila kuulizwa neno. Dada uliyeinua mkono pale nyuma, karibu.